Ghala Kuu Lenye Adabu

Itifaki, ndugu msomaji, naomba ihesabike kuwa imezingatiwa. Nikianza kuizingatia mimi mwenyewe, nikawataja wakubwa wote kwa vyeo vyao, jua litatua kabla sijasema kilichotokea, nami jioni nina darasa.

Hadithi hii ni ya nchi yetu. Jina lake silitaji, si kwa hofu, ila kwa sababu jina hilo liko mikononi mwa kamati ya kupitia upya majina, na kamati yenyewe bado haijapata jina. Inatosha kusema kwamba ni nchi ya amani, na kwamba kaulimbiu yetu, iliyoandikwa juu ya mlango wa kila ofisi, ni neno moja tu: TARATIBU. Wageni wakilisoma hudhani tunawaambia waende polepole. Viongozi wetu wanasema sivyo, maana yake ni kwamba kila jambo lina utaratibu wake. Mimi nimeishi hapa tangu kuzaliwa, na kwa neema ya Mungu sijawahi kuona tofauti.

Zamani ukitaka kuthibitishwa kwamba wewe ni wewe, ulikwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Alikutazama, akasema, "Huyu namjua, baba yake alikuwa fundi baiskeli," basi, umethibitishwa. Serikali ikaona njia hiyo ina kasoro. Ilikuwa ya haraka mno, na haikuhitaji umeme. Ndipo likajengwa Ghala Kuu la Taarifa, ambamo kila raia amewekwa ndani ya kompyuta. Sasa ukitaka kuoa, kumwandikisha mtoto shule, kuuza mbuzi, hata kufa, lazima kwanza Ghala Kuu liulizwe. Ofisa anaandika jina lako, anabonyeza, na skrini inaleta maneno: TAFADHALI SUBIRI.

Watu wanasubiri. Wengine huja na mikeka. Katika ofisi ya wilaya yetu kuna mama aliyeanza kuwauzia uji wenzake akiwa kwenye foleni. Biashara ikakua mpaka akamwajiri mtu wa kumshikia nafasi.

Sisi tunaolitumia Ghala hilo tuna chama chetu, Umoja wa Watumiaji wa Ghala Kuu. Mimi nilijifunza kompyuta ukubwani, katika darasa la jioni, nikiwa tayari na wajukuu, na wenzangu wa Umoja huniita Mzee Jioni. Sichukii. Bwana mwenye shamba katika Injili aliwapokea hata vibarua waliofika saa kumi na moja.

*

Mkutano ninaousimulia ulikuwa wa kuliongezea Ghala kasi. Wataalamu wana maneno yao marefu, lakini mwalimu wetu wa jioni alituelezea vizuri: ni kama fundi cherehani anavyokaza na kulegeza uzi mpaka mashine ishone bila kukwama. Bango la ukumbini liliandikwa KASI ZAIDI, TARATIBU ZAIDI. Kwa kuwa mada ilikuwa kasi, tuliambiwa tufike mapema. Tukafika mapema, tukaketi, tukaanza kumsubiri mgeni rasmi. Ukumbi ulikuwa na joto, na feni moja iliyokuwa ikifanya kazi ilielekezwa kwenye viti vya meza kuu, ambavyo vilikuwa vitupu. Nilisali kimoyomoyo, nikaomba uvumilivu. Nimekwisha kuuomba mara nyingi katika nchi hii, na Mungu hajachoka kunipa, ingawa mimi nimeanza kuchoka kuupokea.

Mbele yangu aliketi Mhandisi Tukuswiga, mkuu wa mitambo ya Ghala. Amesoma ng'ambo, na hupenda watu wakumbuke hivyo. Aligeuka akaniona.

"Mzee Jioni! Leo umetoka mchana? Jua halikuumizi macho?"

"Nalizoea taratibu, mhandisi."

"Usilizoee sana, utaharibu jina."

Hapo ndipo akaingia mwanamke wa makamo, baibui lake limelowa, viatu vina udongo mwekundu. Akasimama kwenye meza ya kujiandikisha, mbele ya katibu wetu, Ndugu Mlingwa.

"Karibu, mama," Mlingwa akasema. "Umekuja kama mtumiaji au kama mdau?"

"Nimekuja kama mfiwa."

Mlingwa akaitazama karatasi yake juu mpaka chini. "Mfiwa hatuna. Nitakuandika mdau." Akampa mkoba wenye kalamu, kofia na chupa ya maji. "Kofia uivae, kuna picha ya pamoja."

"Kaka yangu, sikuja kupiga picha. Mama yangu amefariki jana alfajiri. Hospitali hawamtoi mochwari mpaka Ghala lenu limthibitishe kuwa ndiye. Tangu jana asubuhi skrini yao inasema subiri. Kaburi limeshachimbwa na mvua inanyesha, ndugu zangu wamo ndani wanachota maji kwa ndoo. Nimeambiwa wanaojua kuliharakisha wote wako hapa leo."

"Wote wako hapa," Mlingwa akakubali kwa fahari.

"Basi naomba mmoja."

"Mama, maswali yapo mwishoni mwa ratiba. Baada ya neno la shukrani."

Akaja kuketi kando yangu, kofia mkononi. Aliniambia jina lake ni Zuwena, na marehemu mama yake ni Bi. Mwanakheri. Nikampa pole, nikamwambia nitawakumbuka katika sala.

"Asante, baba. Na wewe ni mtaalamu?"

"Mimi ni mwanafunzi wa jioni."

Akatikisa kichwa bila kucheka. "Sisi hatuweki maiti," akasema baadaye, kama anayezungumza na dirisha. "Na mama mwenyewe hakupenda kuchelewa popote. Harusini alikuwa anafika kabla ya wapishi."

*

Mgeni rasmi alifika wakati chakula cha mchana kimeshapoa. Alikuwa Mheshimiwa Kobelo, Waziri wa Kasi. Tulisimama, tukaimba, tukaketi, tukasimama tena kwa sababu tulikuwa tumeketi kabla yake. Kisha akaizingatia itifaki mwenyewe, akimtaja kila mkubwa aliyekuwepo, kila mkubwa ambaye hakuwepo, na wakubwa wawili waliokuwa njiani.

"Mimi si mtu wa maneno mengi," akaanza, na sisi wenye uzoefu tukajiweka vizuri kwenye viti.

"Mwaka jana wananchi walilalamika kwamba Ghala linachelewa. Serikali yetu ni sikivu. Tukafanya utafiti, tukagundua kwamba wananchi wanajua linachelewa kwa sababu ofisini kuna saa za ukutani. Tukaziondoa."

Makofi.

"Wakalalamika tena kwamba skrini inawaletea maneno mengi wasiyoyaelewa. Nikaagiza maneno yote yafichwe, yabaki mawili tu, tena ya heshima: Tafadhali subiri. Tangu siku hiyo hakuna mwananchi aliyesoma habari mbaya kwenye skrini zetu."

Makofi.

"Aidha, nilipotembelea chumba cha mitambo nilikuta mitambo imewekewa baridi kali, kana kwamba si mali ya umma. Nikaamuru kiyoyozi kizimwe na pawekwe zulia."

Makofi marefu. Mhandisi Tukuswiga alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Mimi nilidhani anasali, nami nikainamisha changu.

Zuwena hakupiga makofi. Alikuwa akiutazama mlango, halafu mvua, halafu mlango.

*

Hatimaye Mhandisi Tukuswiga akaitwa atoe mada. Alipanda jukwaani na kompyuta yake ya mapajani, akaiunganisha na projekta, akaanza bila kumtaja mkubwa hata mmoja. Nilimwonea huruma tangu hapo.

"Ghala letu linatafuta mtu kama jemadari anavyokagua gwaride," akasema. "Linaanza na Mkuu wa Nchi. Likitoka hapo ni mawaziri, wakuu wa mikoa, ndugu zao, wastaafu, na ndugu wa wastaafu. Mwananchi wa kawaida yuko nyuma kabisa. Hata ukimtafuta muuza karanga mmoja, lazima lipite kwa kila mkubwa kwanza."

"Ndivyo inavyopasa," Waziri akasema kutoka meza kuu.

"Dawa yake ipo. Inaitwa faharasa."

Hili nililielewa, na furaha yangu ilikuwa kubwa. Nikamnong'oneza Zuwena: "Ni kama orodha iliyo nyuma ya kitabu cha nyimbo. Ukitaka wimbo huanzi kuimba tangu wa kwanza. Unautazama kwenye orodha, unafungua ukurasa wake."

"Sasa si waiweke?" akasema Zuwena.

Waziri alikuwa ameinua kidole. "Mhandisi, hii faharasa yako itakwenda moja kwa moja kwa muuza karanga?"

"Moja kwa moja, Mheshimiwa."

"Bila kupitia kwangu?"

"Bila kupitia kwa mtu yeyote. Ndiyo raha yake."

Ukumbi ukanyamaza. Hata feni, nadhani, ilipunguza mwendo.

"Ndugu wananchi," Waziri akasema kwa huzuni ya mzazi, "tumepigana miaka mingi na watu wanaoruka foleni. Leo mtaalamu wetu, tuliyemsomesha wenyewe, anataka kuifundisha mashine kuruka foleni."

"Mheshimiwa, sivyo..."

"Na hao waliorukwa watajisikiaje?"

"Hawatajua kwamba wamerukwa."

"Si ndiyo rushwa yenyewe hiyo!"

Makofi yalikuwa makubwa kuliko yote ya siku hiyo. Ikaazimiwa hapo hapo kwamba faharasa isitajwe tena, hata kwenye vitabu vya shule, mpaka maadili yake yachunguzwe. Nilikitia kitabu changu cha nyimbo ndani ya koti, maana sikutaka kuwaingiza wanakwaya matatizoni.

Zuwena alikuwa amesimama.

"Samahani, Mheshimiwa. Mimi hiyo faharasa siijui. Nataka kujua jambo moja tu. Hilo Ghala linamtafuta mama yangu tangu jana. Limefika wapi?"

"Mama, maswali mwishoni," Mlingwa akaanza, lakini Waziri alikuwa ameiona kamera ya televisheni ikigeuka.

"Mwacheni mama aulize! Serikali hii ni sikivu. Mhandisi, mwonyeshe mama kwamba kazi inaendelea."

Tukuswiga akainama kwenye kompyuta. Alibonyeza, akaandika neno la siri, akabonyeza tena, mpaka yale maneno ya Tafadhali Subiri yakaondoka kwenye ukuta kama pazia linalovutwa. Nyuma yake yalikuwepo yale yote yaliyofichwa. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Limeshafika," akasema.

"Limefika wapi?" Zuwena akauliza.

"Kwa mama yako. Tangu jana mchana. Limesimama pale pale."

"Linafanya nini?" akauliza Waziri.

Tukuswiga akamgeukia. "Linamwamkia."

*

Naomba nieleze, maana hata mimi ilibidi nielezwe. Wakati fulani mkubwa mmoja alitafutwa katika Ghala Kuu, na Ghala likamtaja kwa jina tupu, kama anavyoitwa mtoto aje kula. Aliumia sana. Ukatolewa waraka kwamba mashine za serikali nazo ziwe na adabu. Na kwa kuwa Ghala lilizinduliwa juzi tu, kiumri ni mtoto. Kwa hiyo likimpata mtu aliyelizidi umri, kwanza humtumia ujumbe wa simu usemao: Shikamoo. Halafu linasubiri. Haliendi mbele hata hatua moja mpaka aitikie. Wenye ofisi hawakujua, kwa sababu skrini zao zilikuwa zimebakiziwa yale maneno mawili ya heshima.

Mhandisi alipomaliza kueleza, mikono ya ukumbi mzima iliingia mifukoni kutafuta simu.

"Kumbe ni hilo?" mtu mmoja akasema nyuma yangu. "Mimi nilidhani matapeli!"

"Mimi ile namba nimeifungia kabisa!"

"Mke wangu amenuna wiki nzima! 'Nani huyu anayekuamkia kila saa?' Namwambia simjui, haamini!"

"Waraka huo aliuandika nani?" akauliza mwingine, na jirani yake akamkanyaga mguu.

"Waraka ni wangu," Waziri akasema kwa utulivu. "Na sioni kosa lake. Ghala halina uvivu, lina malezi. Wangapi humu ndani watoto wao wanaamkia?"

Zuwena alikuwa amefungua mkoba wake. Akatoa simu ndogo ya batani, kifuniko chake kimeshikiliwa kwa mpira.

"Hii ya mama," akasema. "Imekuwa ikilia tangu jana." Akabonyeza, akasoma kwa sauti. "Shikamoo. Shikamoo. Shikamoo. Zimejaa." Akaurudisha ule mpira mahali pake. "Nilidhani ni mtoto wa ndugu zetu wa mbali, hajapata habari. Nikasema nitampigia tukishazika."

Nilitazama chini. Wapo waliotazama juu.

"Mheshimiwa," Tukuswiga akasema, na sauti yake haikuwa tena ile ya dhihaka, "nipe ruhusa niiondoe hiyo salamu. Ni kazi ya dakika moja."

"Marehemu alikuwa na umri gani?"

"Sabini na kitu," Zuwena akajibu.

"Unaona? Hata mimi ningemwamkia. Niiagize mashine ya serikali imnyime salamu mtu wa umri wa mama yangu? Nani atatia saini hapo?"

Hakuna aliyejitokeza kutia saini. Mjumbe mmoja akapendekeza Ghala liongezewe umri, liandikwe kuwa lilizaliwa kabla ya uhuru, ili lisimwamkie mtu, bali raia wote waliamkie lenyewe. Hoja hiyo ilimpendeza sana Waziri. Ikaundwa kamati. Wakaanza kubishana kama kamati iwe na mwenyekiti mmoja au wenyeviti wenza.

"Na mimi je?" Zuwena akauliza.

"Mama, kamati itatoa taarifa baada ya kikao cha bajeti."

"Kaburi langu linajaa maji."

"Na hilo litaingizwa kwenye taarifa," Mlingwa akasema, akaandika.

"Nikiitikia mimi kwa niaba yake?"

Mlingwa akatikisa kichwa. "Waraka unasema mhusika aitikie mwenyewe."

Zuwena akaitazama ile simu. Alisema polepole, wala hakuwa akimwambia Mlingwa. "Mama alipozidiwa, sauti ilikata. Wageni waliingia chumbani wakamwamkia, naye midomo inatikisika tu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwitikia. Nasema, marahaba, amekuitikia. Hakuna aliyeniambia nimekosea."

Kisha, kabla kamati haijapata wenyeviti wake, akaandika kwa kidole gumba, akatuma.

Ukutani maneno yakabadilika. Sote tuliyasoma kwa pamoja:

MWANANCHI AMEPATIKANA. HALI YAKE: HAI.

*

Katika Maandiko nimesoma juu ya wafu walioitwa wakaitika. Mungu anisamehe, sikuwahi kufikiri kwamba ingeweza kutokea kwa simu ya batani, mbele ya mgeni rasmi.

Ukumbi ulilipuka. Watu walikumbatiana. Waziri alimshika Mhandisi Tukuswiga bega, yule yule aliyekuwa mfundisha rushwa muda mfupi uliopita, wakapigwa picha. Mshereheshaji akatangaza kwamba hakuna raia wa kawaida aliyewahi kupatikana haraka namna hiyo tangu Ghala kuzinduliwa, na kwamba hayo ni matunda ya mkutano.

Zuwena alimfuata mhandisi pembeni, nami nikamfuata Zuwena, kwa sababu alikuwa peke yake.

"Hai maana yake nini?"

Tukuswiga alikunja waya wa projekta, akaukunjua. "Ghala linajua jambo moja tu, dada. Aliyeitikia salamu yuko hai."

"Si urekebishe?"

"Kumtoa mtu kwenye hai kumpeleka kwenye marehemu kunahitaji uthibitisho wa Ghala. Ukiliuliza tena, litaanza upya kwa Mkuu wa Nchi. Na likimfikia, litamwamkia."

Zuwena alikaa kwenye ngazi ya jukwaa. Hakulia. Nadhani machozi yake nayo yalikuwa kwenye foleni. Baada ya muda akatoa simu yake mwenyewe, akampigia mhudumu wa mochwari, Bwana Chitemo. Sauti ya simu ilikuwa kubwa, nikasikia yote.

"Dada, nimeona huku jibu limekuja," Chitemo akasema. "Lakini linasema yuko hai. Mimi siwezi kumtoa maiti ambaye yuko hai. Watanifunga."

"Sasa unaweza kumweka mochwari mtu aliye hai?"

"Hilo nalo ni kosa," akasema Chitemo. "Kubwa zaidi."

"Basi mruhusu. Mwandike mgonjwa, ameruhusiwa kwenda nyumbani."

"Mgonjwa anatoka kwa miguu yake au anachukuliwa na ndugu zake."

"Atachukuliwa na ndugu zake."

"Na hali yake wakati anatoka niandike nini? Kuna mahali pa kujaza."

Zuwena alifumba macho. "Andika ametulia."

"Ametulia halipo. Kuna ana nafuu, na kuna ana nafuu kubwa."

"Kubwa," Zuwena akasema.

"Haya. Mungu amrehemu," Chitemo akasema, kisha akajirekebisha upesi, "yaani, Mungu amponye." Simu ikakatika.

*

Walimzika kabla ya jua kutua. Wanawake walibaki nyumbani na Zuwena, nami nikaenda na wanaume mpaka makaburini. Mimi si wa imani yao, kwa hiyo nilisimama nyuma, nikasali kwa maneno yangu ndani ya kifua. Mvua ilikuwa bado inanyesha, na cha kujifunika sikuwa nacho ila ile kofia ya mkutano. Niliigeuza ndani nje, ili yale maneno ya KASI ZAIDI yasisomeke pale. Waliteka maji mara ya mwisho, wakamlaza, wakafukia. Haikuchukua muda mrefu. Kazi zinazofanywa kwa mikono ya ndugu bado ni za haraka katika nchi yetu.

Zuwena aliporudi kazini aliomba siku za msiba. Mkuu wake alilitazama Ghala, akamwambia kwa upole kwamba mfiwa wa mtu aliye hai hatambuliki. Akarudi kwenye meza yake. Jirani zake wa ofisini walimpa pole bila kufungua midomo, kwa macho, wakimpitia kwenda kuchota chai.

Habari zikasambaa. Watu wa wilaya yetu wakajifunza kuwaitikia marehemu wao, na Bwana Chitemo akawa anawaruhusu mmoja baada ya mwingine, wote wakiwa na nafuu kubwa. Katika taarifa za mwaka ikaonekana kwamba vifo wilayani kwetu vimekoma. Ujumbe wa nchi jirani ukaja kujifunza. Daktari mkuu wa wilaya akapandishwa cheo kisha akahamishwa, kwa kuwa hapakuwa tena na sababu ya kumweka daktari mahali ambapo watu hawafi. Mheshimiwa Kobelo akaongezewa wizara.

Mwaka uliofuata tulikutana tena, ukumbi ule ule, mada ile ile. Ratiba ilisema kwamba utepe wa maonyesho utakatwa na Bi. Mwanakheri, mwananchi wa kawaida aliyepatikana haraka kuliko wote. Kiti chake kiliwekwa meza kuu, upande wa feni. Zuwena alikuja peke yake. Sikujua kama alikuja kwa hiari au aliandikiwa barua, wala sikumuuliza. Alikuwa amepungua, na alitembea kama mtu aliyebeba kitu ambacho hakuna anayemruhusu kukitua.

Waziri alimwona, akafurahi, akasogea kwenye kipaza sauti.

"Mwanangu, karibu! Mama hajambo?"

Katika nchi yetu swali hilo lina jibu moja tu. Hata mtu aliyevunjika miguu yote miwili hulijibu hivyo hivyo. Zuwena alisimama akamtazama Waziri kwa muda mrefu, mpaka mshereheshaji akaanza kukohoa.

"Hajambo, Mheshimiwa," akasema. "Amelala."

"Mchana huu?"

"Amechoka."

Waziri akaitikia kwa kichwa, kama mtoto mwema wa watu. Akageukia ukumbi, akaweka kidole mdomoni, akatuomba sote tupunguze sauti, tusije tukamsumbua mama wa watu. Muziki ukazimwa. Mshereheshaji akakiweka kipaza sauti chini. Ajenda zote zilizobaki zikajadiliwa kwa kunong'ona, na watu waliotoka walitembea kwa ncha za vidole. Zuwena aliketi karibu na kile kiti kitupu, na mbele ya nchi nzima, katika kimya kile tulichokaa kwa ajili ya mama yake, akajifunika uso kwa mtandio akaanza kulia.

Hakuna aliyemkataza. Hapakuwa na waraka juu ya hilo.